Picha Ile Ilipigwa Mwaka Gani

Benchi langu liko nje ya kibanda changu cha kahawa, mkabala na maduka ya Wahindi, hapa Tororo ambapo vumbi la simenti hukalia mabati na akili za watu pia. Watatu hawakosi. Odoi tunamwita Jaji, kwa sababu aliwahi kuwa tarishi wa baraza la chifu, na tangu hapo hukata hata kesi zisizo na mshtaki. Emojong ni Injini. Alifanya kazi ya reli, akahamia huku kutoka Kumi baada ya vita, na sasa anaujua mji huu kuliko sisi tuliozaliwa humu. Wa tatu ni Wabwire, Msamia wa Busia, tunayemwita Burma, maana alipigana huko na sisi hatujapumzika tangu arudi. Mimi ni Benedeta. Namimina kahawa, nasikiliza.

Siku hiyo ya mwaka wa hamsini na sita Injini alikuja na picha. Mpiga picha mmoja Mgoa alikuwa amehamia Mbale, akaacha nyuma ya studio lundo la picha zilizoharibika. Hii ilikuwa na doa pembeni tu, mengine yalionekana sawasawa: barabara yetu hii hii, lori mbele ya duka, vibendera vimetungwa kwa kamba toka paa hadi paa, moshi nyuma ya mabati, na watu wawili watatu kwenye baraza ya duka. Nyuma hapakuandikwa kitu. Basi wakaanza kubishana ilipigwa mwaka gani.

Injini alisema ule moshi ni wa gari la moshi, tena la kwanza kabisa kwenda Soroti. Yeye husoma moshi kama padri anavyosoma misale. Jaji akakataa. Vibendera vile, alisema, ni vya kumpokea Gavana mmoja wa zamani aliyekuja amepanda farasi, kabla nchi hii haijaona gari. Nikamuuliza lori lile limefikaje hapo.

— Lori iliingia kwa picha baadaye, akasema Jaji. Haba na haba hujaza kibaba.

Burma aliitazama ile picha mara moja tu, akamrudishia Injini kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akasema ni ya kabla ya vita, alipotawazwa mfalme wa wakati ule, na mjadala umekwisha. Hiyo ilikuwa ajabu, kwa sababu Burma hamalizi mjadala kabla kahawa yangu haijakwisha.

Mimi nikasema moshi huo mbona ni wa kiwanda cha simenti, na kiwanda kimejengwa juzi, na vibendera ni vya kutawazwa kwa Malkia, miaka mitatu tu iliyopita. Nilijibiwa nimimine kahawa.

Halafu wakamfikia mtu mmoja kwenye baraza. Alikuwa anacheka, amejiegemeza kwenye gongo, na mguu mmoja wa suruali yake umekunjwa na kufungwa kwa pini juu ya goti. Jaji akasema mtu huyo si kilema. Zamani vijana walikunja suruali hivyo kwa maringo. Injini akasema hapana, kamera za zamani zilikuwa polepole: hii mtu alitingisha mguu, kamera ikaukosa. Walibishana kuhusu mguu ule mpaka vikombe vikapoa, na Jaji akatoa hukumu:

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Wakacheka mpaka wakaegemeana. Burma hakucheka. Alikuwa akitazama upande wa stesheni.

Ndipo akafika Amulen, na kikapu chake cha karanga kutoka Nabuyoga. Amulen huniletea karanga kila siku ya soko. Ni mjane wa Opolot, kijana wa Kiteso aliyechukuliwa pamoja na wanajeshi wengine wakati wa vita. Opolot hakurudi. Aliyerudi ni Wabwire, huyu Burma wetu, akaja mpaka nyumbani kwa wakwe zake Amulen, akasimulia walivyopigwa mizinga msituni na jinsi alivyomzika Opolot kwa mikono yake mwenyewe, chini ya mianzi. Wakwe walimchinjia mbuzi. Nilikuwepo; nililia mpaka sauti ikanikauka. Amulen alinyolewa nywele, na baadaye akarithiwa na kaka wa marehemu, mtu wa pombe na kofi. Hadithi ya kaburi la mianzini imenywewa na kahawa nyingi sana kwenye benchi hili.

Injini, bila ubaya, akampa ile picha.

— Dada, wewe unasema ni mwaka gani?

Amulen akaitazama. Akaweka kikapu chini. Akaipeleka juani, akaitazama tena, kisha akapitisha kidole juu ya kile kicheko, polepole, kama anayefuta vumbi.

— Mwaka sijui, akasema. Mtu namjua. Hii ni Opolot.

Jaji akamwambia kwa upole watu hufanana, na kwamba picha ni ya zamani, pengine Opolot bado alikuwa kijana wa hapa mjini.

— Alipoondoka kwangu alikuwa na miguu miwili, akasema Amulen. Nilimsindikiza mpaka kwenye lori. Alipanda kwa kuruka.

Amulen akageuka, akamtazama Wabwire. Hakupaza sauti.

— Shemeji. Huko Burma ulizika nani?

Wabwire akasema mvua ilikuwa nyingi, watu walipotezana.

Amulen akavuka barabara na picha mkononi. Nikaacha birika, nikamfuata. Mwenye duka lile la pichani alivaa miwani, akatabasamu, akasema anamjua sana: ni fundi wa viatu, alishonea pale barazani mwaka wa vile vibendera, kisha akahamia soko la Busia na bado yuko huko. Mcheshi sana. Aliambiwa mkewe aliolewa na ndugu yake, ndiyo maana hakutaka kwenda nyumbani.

— Aliambiwa na nani? akauliza Amulen.

Mwenye duka akanyoosha kidole, bila kujua anachofanya, kwenye benchi langu.

Busia ndiko Wabwire hulala kila Jumapili.

Amulen aliniomba nimtunzie kikapu. Alifunga leso vizuri, akaenda zake kwenye malori ya Busia, na nilipoona amepandishwa mbele karibu na dereva nikarudi kwenye kibanda. Jaji na Injini walikuwa wamehamia mwisho mmoja wa benchi. Wabwire alikuwa peke yake mwisho mwingine, ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

— Nitamfuata, nimweleze vizuri, akaniambia.

Lori likanguruma, likaondoka. Yeye hakuinuka.