Mfereji wa Suez na Minazi ya Bi Mwanakheir

Tangu gari ya abiria ya shamba iondoke Darajani, mjini Unguja, Bi Mwanakheir alikuwa akiwasikiliza wanaume wawili wasiojuana, waliokaa benchi la mbele yake, wakibishania mfereji wa Suez, ambao Misri imewanyang'anya Waingereza na sasa wanaupigania vita. Mmoja alikuwa kijana, karani kwa zile kalamu zake mfukoni. "Ardhi ni ya Misri, basi na mfereji ni wa Misri. Waingereza waende zao." Bi Mwanakheir, aliyewaombea Wamisri wiki nzima, akaitikia kwa kichwa.

Wa pili, mtu mzima wa kijiji cha Uroa, hakukubali. "Kwetu ardhi huwa ya huyu, mnazi ukawa wa yule aliyepanda. Utamnyang'anya mnazi wake kwa kuwa ardhi si yake?"

"Nshakwambia, mzee wangu, mwenye ardhi ndiye mwenye vyote."

Hapo Bi Mwanakheir akaanza kujipindapinda. Minazi yake saba, aliyoipanda kwa mikono yake, imesimama katika ardhi ya watu. Moyo wake uko Misri, minazi yake iko upande wa Waingereza.

"Jamani," akauliza, "huo mfereji, walioshika majembe wakauchimba ni nani?"

Gari ikasimama, na Bi Mwanakheir akashuka na pakacha lake kabla hata mmoja wao hajakumbuka kwamba kuna watu waliochimba, Wamisri hao hao.