Mzee Simeon Kipkemboi, Aliyeogopa Mawingu ya Sugoi

Marehemu Mzee Simeon Kipkemboi Sitienei alizaliwa tarehe 14 Agosti 1955 hapa hapa Sugoi, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Kibet arap Sitienei na hayati Mama Tapsubei. Alikuwa bado mdogo mvua ya mawe ilipotandika mahindi ya nyumbani yakabaki mabua matupu, naye akamwona baba yake, mtu aliyeogopwa na kijiji kizima, ameketi mlangoni akilia. Tangu siku hiyo Simeon aliogopa mawingu. Alifukuza nyoka kwa fimbo na kumpigia fisi kelele, lakini wingu jeusi likichomoza upande wa vilima vya Nandi, alikimbilia ndani ya nyumba.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari mjini Eldoret, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1974. Alipenda sana jiografia. Somo hilo halikumpunguzia woga hata kidogo, maana sasa alijua pia jinsi mawe yanavyotengenezwa huko juu.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa ya kanisani na Salina Jepkorir, na Mungu akawajalia watoto wawili, Vincent na Linet. Mama Salina ni mtu wa kanisa kikwelikweli, hajawahi kuonja kileo. Mume alipopata kazi katika shamba la mizabibu huko Naivasha mwaka wa 1983, mama alikubali kwa sharti moja: kikombe cha divai kisivuke mlango wake. Hata zabibu zenyewe hakuzila, asije akazoea.

Mzee alirudi Sugoi mwaka wa 1999 kulima mahindi ya baba yake, na mwaka wa 2009 akapanda mizabibu. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo ni mtu wa Uasin Gishu tu angelifanya. Aliipeleka bondeni, kwenye udongo mweusi ambako mahindi humpita mtu kimo, akaiwekea mbolea ya CAN, ile ya kukuzia mahindi, ilipofika magotini. Mizabibu ikamea majani ya kufunika nyumba. Divai yake ya kwanza ilikuwa maji yaliyosikia habari za zabibu. Rafiki yake Gikonyo, mwenye duka la pembejeo kule Munyaka, aliyemuuzia mbolea hiyo, alicheka hadi akashika kaunta. "Simeon, hii si mahindi bana! Umeilisha ikashiba, sasa itazaa ya nini?"

Basi akaihamishia mizabibu kwenye kiinuko cha murram, udongo wa changarawe, ambacho jembe lilikuwa likikikataa. Huko maji hayatuami, na mzabibu hutafuta riziki yake chini kwa shida, ukazaa vishada vidogo vyenye ladha nzito. Tena hapa kwetu hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Usipoukata, unaota tu mwaka mzima. Kwa hiyo aliukata kila Septemba, ili matunda yaivie kwenye kiangazi cha Januari na Februari. Jua la mchana liliyatia utamu na baridi ya usiku ikayahifadhia ukali wake, lakini yaliiva polepole mno. Kungoja huko ndiko kulikomshinda. Kila mwaka wingu moja likipita, alivuna mapema, na kila mwaka divai yake ilikunja watu uso. Watu waliinunua kwa kumpenda tu, naye alijua.

Mwezi wa Juni 2024 madaktari walimkuta na saratani ya umio. Matibabu yalimmalizia ladha yote mdomoni, na kumeza kukawa kazi. Zabibu zilipoanza kubadilika rangi mwezi wa Desemba, alimtuma Mama Salina akamletee kishada kimoja.

"Onja," akamwambia.

"Simeon, mimi ni mama wa kanisa."

"Ni tunda tu. Sasa ulimi wangu ni wewe."

Mama alionja huku amefumba macho. "Inanikwaruza hapa kwa shavu."

"Basi bado."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Januari mawingu yalianza kukusanyika, jambo lisilo la kawaida mwezi huo, na nyumba nzima ikawa haipati usingizi. Vincent alimsihi, "Baba, tuvune tu. Mawe yakija tutabaki na nini?"

"Ninaogopa kuliko wewe," Mzee akajibu. "Lakini miaka yote nimeuzia watu woga wangu kwa chupa. Mara hii tungojee."

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Januari 2025, Mama alirudi kutoka shambani akamwambia, "Bado." Mzee alimshika mkono, akasema kwa shida kwamba anaogopa sana, na asimwache. Mama hakumwacha. Kabla jua halijapanda, alikuwa ametutoka.

Ameacha mjane, Mama Salina, watoto wake Vincent na Linet, mkwewe Nicholas, wajukuu watatu, na Gikonyo, aliyekuwa kama ndugu.

Haya yanayofuata hayamo katika programu mliyoshika, kwa sababu yametokea leo asubuhi. Kabla ya jeneza kufika, Mama Salina aliingia shambani peke yake. Aliporudi alisema, "Zimeiva." Kisha akamshika Linet kwa mikono yote miwili. "Na kama nimekosea? Nitauliza nani sasa?" Yuko hapa mbele yenu, bado anaogopa.

Wingu lile upande wa Nandi nyote mnaliona. Familia inaomba kwamba baada ya maombi ya mwisho, mtu asielekee kwenye chakula kwanza. Ndoo na visu viko kwenye kiinuko. Mama amesema tuvune, na tutavuna kwa neno lake.

Mzee Simeon, lala kwa amani. Kuogopa tuachie sisi.