Cherehani kwa Kinyozi

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, dalali wa mahakama aliyetumwa na halmashauri aliingia kwenye duka la kinyozi mtaani kwetu, akatoka na kiti cha kuzunguka, vioo viwili na cherehani ya baba yangu. Kinyozi alikuwa anadaiwa kodi ya jengo. Baba naye anadaiwa kodi hiyo hiyo. Ndiyo maana Jumapili aliitoa cherehani dukani kwake na kuificha kwa kinyozi, ng'ambo ya barabara, dalali asiikute. Hakujua kuwa anaipeleka penye deni jingine. Jioni nilimkuta kijiweni, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa duka lake, pamoja na Kinyozi mwenyewe. Na Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu maishani, kama shahidi wa kuku aliyeibiwa. Na Redio, ambaye hazimiki. Muuza kahawa alikuwa anamimina. Nilisimama mlangoni mwa duka. Ndani, sare za shule alizokata baba zilikuwa zimekunjwa juu ya meza, hazina mshono hata mmoja.

Wakili: Tusilaumiane. Mpango ulikuwa safi. Sheria inasema mali ikilala kwa jirani, deni haliiamshi.

Redio: Sheria gani hiyo?

Wakili: Ya ardhi.

Redio: Cherehani ni ardhi?

Wakili: Kwani imekaa juu ya nini?

Kinyozi hakucheka. Alikuwa anakizungusha kikombe chake bila kunywa.

Kinyozi: Dalali aliniuliza, "Kinyozi na cherehani, wapi na wapi?" Nikamjibu kama mlivyonifundisha. Nikasema ni yangu, nashonea mataulo.

Redio: Mataulo! Una taulo moja wewe, linatufuta sote tangu mwaka jana.

Kinyozi: Mlisema nikiulizwa nisibabaike. Sikubabaika.

Baba, ambaye kijiweni ni Fundi tu, akamgeukia.

Fundi: Ungeniambia kwamba na wewe unadaiwa.

Kinyozi: Ningeanzia wapi, kaka? Ulikuja umeibeba begani, unahema, unaniambia, "Afadhali wewe, huna deni la mtu." Nikaona aibu.

Fundi: Miaka yote tunakaa benchi moja.

Kinyozi: Na la kwako hukulisema hapa benchini. Ulinivuta pembeni, hawa wakajua cherehani ikiwa tayari kwangu.

Muuza kahawa akawaongezea wote wawili, hakudai kitu.

Wakili: Ndiyo hayo ya wahenga. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Redio: Na ukuta wenyewe watautoza kodi. Bora ufa.

Wakili: Msomi, wewe uliyemaliza chuo, mali ya fundi si haikamatwi?

Mimi: Sijui, mjomba. Sikusoma sheria. Inabidi kuulizia.

Redio: Kuulizia nini? Mnada ni Jumamosi, tuna muda. Nisikilizeni. Tunakwenda mtaa mzima. Dalali akitaja bei tu, tunakohoa. Nani atanunua kitu katikati ya kikohozi?

Wakili: Utoto huo. Tueneze habari kwamba cherehani ina pepo. Usiku inashona yenyewe.

Redio: Hapo umepandisha bei! Inashona yenyewe, bila kumlipa fundi? Watauana.

Wakili: Basi tuseme ni mali ya marehemu. Marehemu hadaiwi.

Kinyozi: Marehemu yupi?

Wakili akamtazama baba kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili, kama anayempima urefu.

Wakili: Fundi anaweza kufa kidogo. Mpaka Jumatatu tu. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Fundi: Na hizo sare nani atazishona?

Walicheka, na baba akacheka nao. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga chini, unainuka, unakanyaga, kana kwamba pedeli bado ipo. Nilitamani mguu huo utulie.

Mama mmoja, mgeni mtaani, akafika na mfuko wa vitambaa. Akatusalimu, akauliza kama hapa ndipo kwa fundi. Redio akampokea kwa mkasa mzima, akautia na chumvi, mpaka dalali akawa na bastola. Yule mama alisikiliza hadi mwisho.

Mgeni: Poleni sana, kaka zangu. Sasa hiyo cherehani ni ya nani?

Wakili akafungua mdomo, akautilia kahawa. Redio akazimika. Ikisemwa ni ya baba, itashikwa kwa deni la baba, na Kinyozi ataonekana amemdanganya mtu wa mahakama. Ikisemwa ni ya Kinyozi, Jumamosi inanadiwa. Kinyozi alimtazama baba. Baba alitazama vumbi.

Mama alisubiri kwa adabu. Kisha akasema atapita siku nyingine, akauweka mfuko wake kwapani, akaenda. Baba alimsindikiza kwa macho mpaka akakata kona.

Fundi: Siku ile ya kwanza walipokuja kudai, ningewaambia tu kwamba sina.

Kinyozi: Hata mimi.

Muuza kahawa akaliinua buli, akalitikisa, akaanza kukusanya vikombe. Hakuna aliyemwomba asubiri.

Asubuhi yake nilikuwa kwenye ofisi za halmashauri kabla dirisha la kodi halijafunguliwa. Baba nilikuja naye, lakini alibaki getini, akasema anafunga kamba za viatu. Karani akaniuliza shida yangu.

"Cherehani mliyoichukua kwa kinyozi ni ya baba yangu," nikasema. "Na yeye anadaiwa."

Karani akaweka kalamu chini. "Mwenyewe yuko wapi?"

Nikatoka hadi getini, nikamshika baba mkono, nikamwingiza ndani.