Bi Thuwaiba na Siku ya Arobaini na Moja

Leo Ijumaa, tarehe 31 Oktoba, Bi Thuwaiba Khelef anastaafu baada ya miaka thelathini na tatu ya uuguzi wa afya ya akili kituoni kwetu. Nimekaa naye chumba kimoja cha kazi miaka kumi na tisa, basi nnayoyaandika nimeyaona, na aliyonikataza kuyasema nimeyasema vilevile.

Mji mzima unamjua. Sokoni Darajani hanunui samaki mpaka kwanza asimamishwe na mtu anayetaka kumweleza alivyolala.

Yalipokuja yale mafuriko yaliyoua watu mjini kwetu, marehemu walisomewa khitma, majirani wakapika, na arobaini ilipopita kila mtu akarudi kwake. Bi Thuwaiba yeye huanza siku ya arobaini na moja. Husema ndipo nyumba inapokuwa kimya.

Siku hiyo alipiga hodi kwa Mmanga, mshona kofia, ambaye ameturuhusu tumtaje. Maji yalimchukua mkewe. Tangu hapo, mvua ikigonga bati tu, hata manyunyu, Mmanga humbeba mwanawe Ilham akatoka mbio, roho juu. Shangazi wa mtoto akamchukua kwake Chukwani, akasema harudi mpaka baba yake atulie. Na kituoni Mmanga hakutaka kuja, akisema yeye si mwendawazimu.

Bi Thuwaiba hakubishana naye. Alimwambia amekuja kujifunza kushona kofia. Jamani, huyu hata kifungo hupeleka kwa fundi. Aliharibu kitambaa wiki tatu, mpaka Mmanga, ambaye hakuwa ameshika sindano tangu msiba, akashindwa kustahamili akamnyang'anya. Mikono ikishona, maneno yakaanza kutoka: yale maji, na mkono wa mkewe ulivyomponyoka. Mvua ikiwakuta pamoja, Bi Thuwaiba humwomba amalizie mstari mmoja ndipo atoke. Baadaye ikawa miwili, mitatu. Wamekwenda hivyo miaka miwili.

Masika iliyopita, mchana, mvua imeshika, Mmanga alipiga simu. Alisema yumo ndani, bati linapiga kelele kweli, na Ilham, aliyerudi juzi, amelala. Bi Thuwaiba aliweka simu chini akalia mbele yetu sote.

Ahsante, Bi Thuwaiba. Mungu akupe afya, na usingizi kama uliowarejeshea wengine. Kofia yako bado haijaisha. Mmanga ametuagiza tukwambie kesho Jumamosi anakusubiri, mvua inyeshe isinyeshe.