Daktari Skrubu Aliyelipandisha Gego la Dada Yake

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1968, mtoto wa pili kati ya watatu wa fundi cherehani na mkewe mkunga. Hakuwa mtu wa makuu, ila ubishi alikuwa nao tele.

Alianza shule mwaka 1975, akahitimu udaktari wa meno Novemba 1994. Mwaka uliofuata mdogo wake wa kike alimjia akilia na gego la chini. Akaling'oa chapuchapu. "Moja tu hilo, wala hutalikumbuka," alimwambia. Lo! Hakumwekea jingine. Gego la juu, kwa kukosa la kukutana nalo, likashuka mwaka hadi mwaka mpaka likakaribia ufizi wa chini, na jino la bandia likakosa pa kukaa. Dada mtu akawa anatafuna upande mmoja. Kila walipokaa mezani alimnyooshea kijiko: "Daktari wa watu wengine huyu!" Yeye alicheka pamoja na wote, lakini lilimkaa rohoni.

Tarehe 17 Agosti 1996 alifunga ndoa na mfamasia, wakajaliwa binti na mapacha wa kiume. Mkewe ndiye aliyemsukuma arudi darasani akiwa na miaka arobaini, asomee upangaji wa meno. Huko alijifunza kufunga skrubu nyembamba kuliko kijiti cha kiberiti kwenye mfupa wa taya, na kulivuta kwa mpira jino lililoshuka hadi lirudi juu, bila kulisaga wala kuling'oa. Wagonjwa wakambatiza Daktari Skrubu. Dada yake tu ndiye aliyegoma: "Mdomo wangu huugusi tena, kaka."

Februari 2023 aligundulika na saratani ya kongosho. Dada aliposikia, alikwenda kliniki mwenyewe, akakaa kitini, akafungua mdomo. Zilifungwa skrubu mbili, moja upande wa shavu, nyingine upande wa kaakaa. Gego lilipaswa kupanda milimita tatu, na haliharakishwi. Ukilivuta kwa pupa unaharibu mzizi. Miezi minane alipima, mikono ikizidi kuishiwa nguvu, akisema waziwazi kwamba anaogopa hatamaliza. Oktoba gego likafika mahali pake. Mwenzake wa kliniki aliweka jino la bandia kwenye pengo la chini Jumanne, tarehe 5 Desemba, na dada akaenda nalo moja kwa moja hospitalini, kitandani kwa kaka yake.

"Hebu ng'ata." Akang'ata. "Tena." Alisikiliza sana. Meno yalikutana yote kwa mpigo mmoja.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Miaka ishirini na minane umenichelewesha, wewe!" Wakacheka mpaka nesi akachungulia.

Alifariki Alhamisi, tarehe 7 Desemba, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, binti, mapacha, kaka mkubwa, na dada ambaye tangu juzi anabembelezwa ale chochote. Jino analo, hamu ndiyo hana.

Pumzika kwa amani, Daktari. Kazi uliimaliza.