Kila Waliponilaza

Wakubwa shikamooni, na nyie wenzangu habari za tangu jana. Mdomo wangu unakwenda upande, nivumilieni, maneno yapo.

Ndugu zangu, wengi hapa Mtoni mnajua nilianguka nikifua nguo. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikafa, sauti nayo ikapotea. Akili ilibaki nzima, na hilo ndilo lililonitesa: nasikia kila kitu, siwezi kujibu.

Mama mkwe wangu ndiye aliyeniuguza. Akaapa sitopelekwa hospitali, maana mwenye kiharusi akichomwa sindano, jioni haimkuti. Nanyi mlikubaliana naye, msijifiche. Nikakandwa mafuta, nikalazwa chali.

Wiki ya pili kikaanza kifua. Nikilala chali nachomwa kama kwa kisu, pumzi inakata. Nainua mkono mzima nimshike mtu anikalishe, wanasema, "Shetani kapanda," wananikandamiza wanawake watatu. Kila siku hivyo. Na walikuwa wakilia kwa kunipenda. Nikaanza kuomba nife.

Siku moja mama mkwe alikuwa akininywesha uji, nimeegemezwa ukutani, tukasikia sukari imefika duka la ushirika. Sukari ya siku zile mnaijua, ilivyokuwa adimu. Akabeba kikapu mbio, akasahau kunilaza. Nikainama mbele, maumivu yakapungua, nikavuta pumzi mpaka machozi yakanitoka. Mume wangu akarudi kutoka zamu ya asubuhi kiwandani Chang'ombe, akanikuta nimetulia. Mama alipokuja kunilaza, nikaanza kupigana.

"Mama, mwache. Mbona akikaa hana shetani? Nampeleka hospitali."

"Utamuua mkeo kwa sindano zako."

"Basi nitamuua mwenyewe," akasema, akanibeba mgongoni.

Daktari akasema moyo nao huweza kuugua baada ya kiharusi. Ngozi inayouzunguka moyo wangu ilikuwa imevimba, imejaa maji. Akayatoa kwa sindano hiyohiyo. Jioni ilinikuta.

Mama mkwe alipokuja wodini akaniona nimekaa, akauliza, "Ulikuwa unataka nikukalishe?" Nikaitikia kwa kichwa. Akakaa sakafuni.

Nawashukuru wauguzi, na mume wangu, na yeye mama, aliyenifundisha kutembea upya kule uani. Nyie mlionishika mpo hapa, nawaona. Sina kinyongo. Ila nawaambia, mgonjwa asiyeweza kusema akiinua mkono, msiukandamize. Upokeeni, mtazame anataka kwenda wapi.