Nilivyookoka Kila Jumapili

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Naomba asifiwe tena, maana nina furaha na hiyo mara moja haijanitosha.

Naitwa Eliza. Nashona nguo hapa Ikwiriri, kwenye baraza ya Bi Mwajuma, mama mwenye nyumba wangu. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nikichanganya mambo mnivumilie. Nina cherehani kimoja, na ndoto ya kuwa na vinne pamoja na kioo kirefu cha mteja kujiona mpaka miguu.

Ndugu zangu, mimi niliokoka. Niliokoka hapa Ikwiriri, nikaokoka tena kwenye mkutano wa injili Kibiti, nikaokoka na kule Mkongo tulipokwenda na kwaya. Mhubiri akisema tu, "Anayetaka kumpa Yesu maisha yake apite mbele," mimi huyo. Katibu wa kanisa, anayeandika majina ya waliookoka, aliacha hata kuniuliza jina. Siku moja akaninong'oneza, "Dada Eliza, tukikutoa wewe, kanisa halijaongezeka."

Shida ilikuwa ufundi wangu. Mafundi mnatujua. Mteja akiuliza nguo, namwambia njoo kesho. Kesho akija, namwambia umeme ulikatika, na cherehani chenyewe ni cha kukanyaga kwa mguu. Kila nikidanganya naona wokovu umeshanitoka. Jumapili nimeokoka, Jumanne nimepotea. Meza ya Bwana ndiyo kabisa sikuigusa. Mkate ukifika kwangu nampisha jirani. Nilijiambia nitashiriki siku nitakapomaliza wiki nzima bila kumdanganya mtu, na wiki hiyo haikuja. Watu waliniona nacheka, kumbe moyoni naogopa kufa.

Sasa Bi Mwajuma akanipa kitambaa cha gauni la harusi ya binti yake, Zuhura. Bi Mwajuma ni Mwislamu, mzaliwa wa visiwani huko delta, na amenilea kama wake. Nikamwahidi Alhamisi. Alhamisi akaja na wenzake. Nikasema, "Limebaki kutia vifungo tu, mama." Akainama kwenye kapu, akatoa kitambaa kimekunjwa vilevile alivyokileta.

"Mwanangu," akasema, "kila Jumapili waokolewa. Kwani katikati ya wiki wazama mto gani?"

Baraza zima lilicheka. Na mimi nikacheka, kisha nikaenda uani nikalia.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Mwaliko wa kupita mbele ulipotolewa, nikanyanyuka. Mama Atu akanishika sketi. Huyu ni mkunga wa zahanati, mtu wa Mbeya, na akikushika umeshikika.

"Unakwenda wapi?"

"Kuokoka, mama."

"Tena?"

"Nimedanganya tena."

"Eliza, nimezalisha watoto wa mji huu mpaka mikono imechoka. Mtoto akimwaga uji, mama yake anamgombeza. Sijaletewa hata mmoja nimrudishe tumboni azaliwe upya."

"Sasa dhambi yangu niifanyeje?"

"Itubu. Ila itubu kama mtoto wa humu ndani, usibishe hodi kama mgeni. Yesu alikufa mara moja, ikatosha. Halafu kesho asubuhi nenda kwa Bi Mwajuma ukaseme kweli."

Nikakaa. Kwamba tunaokolewa kwa neema, kwa imani, wala si kwa matendo, nililisikia tangu shule ya Jumapili, hata kuliimba naliimba. Lakini rohoni nilikuwa najishonea haki yangu mwenyewe, na kila wiki inafumuka. Siku ile nikaona kwamba Kristo ameshanivika ya kwake, na mshono wangu hauna sehemu humo. Mkate ulipofika nikaupokea. Gauni la Zuhura lilikuwa bado halijakatwa, ndugu zangu, na mimi nikala mkate wa Bwana huku machozi yananitiririka.

Jumatatu asubuhi nikamfuata Bi Mwajuma. "Mama, ile habari ya vifungo ilikuwa uongo. Kitambaa sikukigusa. Naomba radhi."

"Hilo nalijua, nilikiona kwa macho yangu. Radhi nimekupa. Haya, kata."

Akavuta mkeka, akakaa karibu yangu akipinda mikono ya gauni kwa sindano mpaka adhuhuri. Sijawahi kushona kwa raha kama siku ile. Zamani nikifanya jema ni kwa hofu, ili Mungu asinitupe. Siku ile nilishona kwa shukrani, na mguu wenyewe ulikuwa mwepesi. Ijumaa Zuhura akaolewa na gauni lake.

Sijawa malaika. Juzi mteja aliulizia suruali yake, na ulimi ukaanza kuwasha. Nikamwambia, "Kaka, sijaianza." Akachukua kitambaa chake akampelekea fundi mwingine. Iliniuma, lakini niliomba nikalala mtoto wa Mungu yuleyule.

Namshukuru Mungu. Na wewe unayesubiri uwe mwema kwanza ndipo umwamini Yesu, mpendwa wangu, utasubiri mpaka uzeeke. Mwamini hivyo hivyo ulivyo leo. Mkate ukifika kwako, nyoosha mkono, hata kama gauni la mtu hujalikata. Wangu niliunyoosha hivyo, na sikunyimwa.